Kitanda cha nyumba ya kupangisha Tanga: namna ya kuchagua kisichokula kodi yako

Ukishaamua kwamba nyumba yako ya Raskazone au vyumba vyako vya Chuda utavipangisha vikiwa na samani, ujue kitanda ndicho kitakachoteswa kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Friji haikaliwi na watu watatu wakitazama mpira. Kabati haliburuzwi kila wiki kufuata upepo wa feni. Kitanda kinaburuzwa, kinakaliwa pembeni, kinarukiwa na watoto, kinamwagiwa chai, na mpangaji akihama anakuachia wewe kelele zake.

Wapangaji wa nyumba za namna hii hapa Tanga wanatoka kila upande: mhandisi aliyeletwa na kazi za bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, daktari aliyehamishiwa Bombo, mtu wa bandarini, fundi mitambo wa kiwanda cha saruji cha Pongwe. Wengi wanalipiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na wanachokumbuka wakiondoka ni mambo matatu: maji, umeme na usingizi. Maji na umeme huwezi kuvitawala vyote. Usingizi unaweza, na haukulazimishi kununua kitanda cha bei mbaya. Unatakiwa tu uweke hela kwenye sehemu zisizoonekana, ubane kwenye sehemu zinazoonekana. Wenye nyumba wengi hufanya kinyume chake.

Hatua ya 1: Amua kipimo kabla hujaenda dukani

Vitanda vyetu vinapimwa kwa futi: 3½ kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Kwa chumba kikubwa cha nyumba ya kupangisha, 5 kwa 6 kinatosha. 6 kwa 6 kinapendeza kwenye picha ya tangazo, lakini kinakula mbao zaidi, godoro lake ghali zaidi, shuka zake kubwa zaidi, na ukikiweka kwenye chumba cha futi 10 kwa 10 mpangaji atapita kiubavu kama kaa kila akienda kufungua dirisha. Chumba cha pili weka 4 kwa 6. Usiweke 3½ isipokuwa chumba chenyewe ni kidogo kweli, maana mpangaji akija na mgeni atavuta godoro chini, na godoro la chini kwa mji huu wenye unyevu halichukui muda kuota ukungu.

Urefu nao una mambo yake. Futi 6 ni sentimita 183. Mtu mrefu akilala kwenye kitanda chenye ubao mrefu miguuni, vidole vinagonga. Dawa yake ni rahisi na inapunguza gharama: mwambie fundi ubao wa miguuni uishie usawa wa godoro, usipande juu. Atakayetaka kunyoosha miguu ataitoa nje kidogo na maisha yataendelea.

Jihadhari pia na vitanda vinavyoingia nchini vikiwa vimeshatengenezwa. Vingi vimekatwa kwa godoro la urefu wa sentimita 200. Godoro letu la futi 6 ukiliweka humo linabaki na pengo la sentimita 17, kiganja kizima na zaidi, na pengo hilo ndipo simu, soksi na mito hupotelea. Kabla hujalipa, toa futikamba upime ndani ya fremu, usipime nje.

Pima na mlango. Nyumba nyingi za zamani za mjini zina milango na korido nyembamba, na ngazi zenye kona kali. Kitanda kisichofunguka kikakaa vipande kitakwama sebuleni.

Hatua ya 2: Gawa bei kwa miezi

Bei ya kitanda peke yake haikuambii kitu. Igawe kwa miezi unayotegemea kitumike. Tuseme kuna kitanda cha shilingi 250,000 ambacho baada ya miaka 2 ya wapangaji kitakuwa kimelegea hakifai: hicho kinakugharimu shilingi 10,400 na ushee kila mwezi. Kingine ni 600,000, lakini kwa matunzo ya kawaida kitakwenda miaka 10: hicho ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Rahisi ndicho kipi? Na hapo hujahesabu kirikuu cha kubebea kipya, fundi wa kuja kugongagonga kile cha kwanza, na simu za saa nne usiku.

Ila hesabu hii isikupeleke kwenye samadari ya kuchonga. Matendegu (miguu ya kitanda) ya kukereza, maua, vioo kichwani: hiyo ni fahari ya chumba cha bibi harusi, na mafundi wetu wa pwani wanaijua kazi hiyo vizuri. Kwenye nyumba ya kupangisha, kila ua ni mahali pa vumbi na kila upenyo ni nyumba ya kunguni. Mpangaji hakuongezei kodi kwa sababu ya nakshi. Kichwa cha ubao ulionyooka, uliopigwa msasa ukalainika, kinatosha.

Hatua ya 3: Mbao au chuma?

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu bahari ina neno lake.

Chuma kina sifa: ni rahisi, mchwa hawakigusi, fundi wa kuchomelea yuko kila mtaa. Lakini nyumba za Raskazone na Sahare zinapokea hewa ya chumvi mwaka mzima, na kusi ikianza kuvuma hewa hiyo inaingia mpaka chumbani. Kutu huanzia kwenye maungio yaliyochomelewa, pale ambapo rangi imepakwa juu ya masizi ya kuchomelea bila kusafishwa. Baada ya muda utaona mistari ya kahawia kwenye shuka nyeupe, na shuka hiyo hata ukiiloweka na nini haitarudi. Ukiwa ndani zaidi, tuseme Kange au Pongwe, chumvi inapungua na chuma kinaweza kukufaa kwa chumba cha pili.

Ukichagua chuma, mambo ya kushika ni haya. Paipu ya mraba iwe geji 16, yaani unene wa karibu milimita 1.5; ile nyembamba kuliko hapo inapinda mtu akikaa pembeni. Maungio yasuguliwe, yapakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza ndipo ipakwe ya urembo. Ncha zote za paipu zizibwe kwa vifuniko vya plastiki. Watu husema kitanda cha chuma hakina kunguni. Paipu iliyo wazi ni pango zuri kuliko ufa wowote wa mbao.

Vitanda vya mbao za kubandika, zile za MDF na chipubodi, viache kwa watu wa nyanda kavu. Tanga tunapiga deki kila siku. Maji ya deki yanagusa miguu ya kitanda, ukingo unanyonya, unavimba, na skrubu iliyokuwa imeshika inazunguka bila kukaza. Ikishafika hapo haitengenezeki, maana tundu limekuwa unga.

Inabaki mbao yenyewe. Mninga, mkongo na mvule ni mbao za asili, zina nguvu, na bei zake zimepanda kwa sababu uvunaji wake unahitaji kibali na miti mikubwa imepungua. Nunua kwa mtu mwenye risiti na nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu, usijiingize kwenye mbao za usiku. Kwa mkoa wetu kuna chaguo ambalo mimi huliweka mbele: mtiki, ambao wengine huuita msaji. Shamba la miti la Longuza, wilayani Muheza, ni la mtiki na liko mlangoni kwetu. Mbao yake ina mafuta ya asili, unyevu hauiyumbishi sana na wadudu hawaipendi, alimradi ni kiini.

Neno hilo, kiini, ndilo la kumbana nalo fundi. Miti ya mbao hizi ina kiini cha rangi iliyokolea katikati na weupe pembeni karibu na gome. Wadudu wanaobungua mbao hula weupe. Mninga wenye weupe hauna tofauti na mti wa kuni: baada ya miezi utakuta vitundu vidogo kama vya sindano na unga laini sakafuni chini ya mfumbati (ubao mrefu wa ubavuni mwa kitanda), na kila ukifagia unarudi. Mafundi wanajua wateja wanaogopa weupe, kwa hiyo baadhi hupaka rangi ya kahawia nzito ili mbao yote ionekane sawa. Agiza kitanda kikiwa kikavu, bila rangi wala vanishi, ukikague kwanza, ndipo kipakwe mbele yako. Fundi anayekataa sharti hilo ameshakujibu.

Paini ni nyepesi na rahisi. Kwa matendegu na mifumbati ya kitanda cha wapangaji siipendi, inachubuka na nyuzi za skrubu zinalegea. Kwa chaga inafaa kabisa, tena ikivunjika moja unabadilisha kwa hela ya mboga. Mpango wenye faida basi ni huu: matendegu, vichwa na mifumbati ya mtiki au mninga, chaga za paini isiyo na macho, yaani vifundo vya matawi.

Hatua ya 4: Kikague karakanani

Nenda mwenyewe. Usitume picha kwa simu ukaletewa kitanda. Pita karakana mbili tatu, Ngamiani au popote ulipo karibu, na uende asubuhi ambapo kuna mwanga na fundi hajachoka kujibu maswali.

Anza na ukavu wa mbao. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, mbao hii imekauka?"

"Imekauka kabisa mama. Hii iko hapa tangu kabla ya Ramadhani."

"Ilikuwa ndani au ilikuwa inanyeshewa?"

Hapo atacheka kidogo. Chukua vipande viwili vya kipimo kimoja, kimoja kutoka juu ya rundo na kimoja kutoka chini, uvipime kwa mikono. Kilicho kizito waziwazi bado kina maji. Weka kiganja, kisha shavu ukipenda: mbao mbichi ni ya baridi. Bonyeza kwa ukucha kwenye ncha. Mbichi inaacha alama ya unyevu. Haya yote yana sababu: mbao mbichi ikiundwa kitanda inaendelea kusinyaa ikiwa chumbani kwako, ulimi (ncha ya ubao inayoingizwa kwenye tundu la ubao mwingine) unakuwa mwembamba ndani ya tundu lake, gundi inaachia, na hapo ndipo kelele zinapozaliwa. Kitanda kinacholia mara nyingi hakina ubovu wa ufundi, kiliundwa kabla ya wakati wake.

Halafu maungio. Kichwa cha kitanda kiunganishwe kwa ulimi na tundu, kwa gundi na kigingi cha mbao, si misumari iliyopigwa kutoka pembeni ikafunikwa kwa vumbi la mbao na gundi. Ukiona vidoa vya duara vimepangana kwenye kona, hiyo ni misumari. Mifumbati, kwa upande wake, isigundishwe kwenye vichwa. Ifungwe kwa bolti na nati, au kwa vyuma vya kuunganishia vitanda vilivyokazwa kwa skrubu ndefu. Mpangaji atasogeza, atahama chumba, na wewe utahitaji kukifungua. Muulize fundi bolti ni za namba gani, na uhakikishe spana yake inapatikana duka lolote la vifaa. Kitanda kizuri cha kupangisha ni kile ambacho fundi yeyote wa mtaani anaweza kukirekebisha kwa vitu vya mtaani.

Mfumbati uwe na upana wa inchi 6 na unene usiopungua inchi 1½ baada ya kupigwa randa. Sema hivyo hivyo, "baada ya randa", kwa sababu ubao wa inchi 2 unapungua ukishalainishwa na ubishi hauishi.

Sasa kijaribu. Kaa kwenye kona, siyo katikati, kwa uzito wako wote. Simama. Kaa kona ya pili. Kisha shika tendegu moja kichwani, sukuma kuelekea kona ya miguuni iliyo kinyume, kana kwamba unataka kukipinda. Kitanda kilichofungwa vizuri kitasogea chote kwa pamoja, kama kitasogea. Kibovu kitayumba juu huku miguu imebaki palepale. Inama uangalie chini: hapo ndipo mtu aliyefanya kazi kwa haraka hajapiga msasa, na hapo ndipo utaona weupe, viraka na misumari. Mimi huwa naanzia chini, kwa juu kila kitanda ni kizuri.

Ukiridhika, andikianeni. Karatasi moja tu: kipimo cha ndani, aina ya mbao, unene, idadi ya chaga, bei, kianzio, tarehe ya kukabidhi, sahihi mbili. Kianzio kisizidi nusu. Kesho ya fundi mnaijua wote, na hela yote ikishatoka inakuwa kesho ya mwezi ujao.

Hatua ya 5: Hesabu chaga

Hapa ndipo wenye nyumba wanapoibiwa bila kujua, na ni hela ndogo. Godoro la sponji halitakiwi kukaa juu ya mapengo mapana. Linazama katikati ya chaga, linakatika kwa ndani, na mgongo wa mpangaji unakuwa wa kwanza kutoa taarifa. Pengo lisizidi inchi 2½ hadi 3.

Kitanda cha futi 6 kina inchi 72. Chaga za upana wa inchi 3 zikipishana kwa inchi 2½, kila chaga na pengo lake inachukua inchi 5½, kwa hiyo unahitaji 13. Chaga za inchi 4 kwa pengo hilohilo ni 11. Vitanda vingi vya kuuza haraka vina 7 au 8. Kuongeza zilizobaki ni gharama ndogo mno ukilinganisha na godoro jipya.

Chaga ziwe na unene wa inchi moja. Jicho la mbao likiwa katikati ya chaga, ikatae, maana itavunjikia hapo hapo. Kitanda cha 5 kwa 6 na kuendelea kinataka mhimili wa kati unaopita chini ya chaga kutoka kichwani hadi miguuni, wenye mguu wake unaogusa sakafu katikati. Bila huo mguu, watu wawili wanakutana katikati wapende wasipende.

Usikubali kufungiwa plaiwudi nzima mahali pa chaga, hata kama fundi atasema ni imara zaidi. Jasho la usiku linashuka kwenye godoro, na lisipopata hewa kwa chini linageuka madoa meusi ya ukungu. Kipindi cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, utalisikia kwa pua kabla hujaliona.

Hatua ya 6: Godoro, na mizani

Watu huchagua godoro kwa unene. Unene unadanganya. Kinachofanya sponji idumu ni uzito wake kwa ujazo, ambao madukani wanautaja kama densiti. Sponji nyepesi ya inchi 10 itabonyea ikawa beseni kabla ya sponji nzito ya inchi 6.

Lebo zinaweza kuandikwa chochote, lakini kilo haziongopi. Godoro la 5 kwa 6 lenye inchi 8 lina ujazo wa mita za ujazo 0.57 hivi. Likiwa na kilo 14, densiti yake ni kama kilo 25 kwa mita ya ujazo, na hilo ni godoro la kazi. Likiwa na kilo 9, ni 16, godoro la mgeni wa siku mbili. La 5 kwa 6 lenye inchi 6 lina ujazo wa 0.42, tafuta lenye kilo 10 na nusu hivi. Kitambaa nacho kina uzito wake, kwa hiyo usibishane kwa nusu kilo. Muuzaji akikosa mizani, wauza nafaka wanayo. Atakushangaa, lakini atakupimia.

Kwa 5 kwa 6 nunua inchi 8, kwa vitanda vya mtu mmoja inchi 6 inatosha. Inchi 10 na 12 zinaongeza bei, zinafanya shuka za kawaida zisifike kufungwa chini, na zinamwinua mtu juu mno. Tafuta nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), weka risiti, na kama kuna waranti ya maandishi ipige picha siku hiyohiyo kwa sababu wino wa risiti za mashine unafutika kwa joto.

Jaribu kwa kupiga goti katikati, uhesabu taratibu mpaka thelathini, utoke. Shimo linapaswa kurudi mara moja. Likichelewa, sponji imechoka ikiwa bado dukani.

Magodoro ya springi yanavutia wapangaji wa kigeni na mengine ni mazuri kweli. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari sishauri. Springi ikishapata kutu inalia, na hakuna fundi wa mtaani atakayekufungulia akatengeneza. Kama mpangaji wa muda mrefu analitaka, mwambie alilete mwenyewe, wewe uhifadhi lako.

Lile nailoni linalokuja na godoro, litoe. Najua wengi tunaliacha ili godoro libaki jipya. Kwa joto la hapa, kuanzia Desemba kaskazi ikivuma hadi Machi, mpangaji atalala juu ya jasho lake mwenyewe, na unyevu utajikusanya kati ya nailoni na kitambaa. Nunua mifuniko ya godoro isiyopitisha maji lakini yenye kitambaa cha pamba kwa juu, yenye zipu, miwili kwa kila kitanda ili mmoja ufuliwe. Godoro linaloharibiwa na mkojo wa mtoto au kikombe cha chai haliokolewi na amana ya mpangaji.

Godoro la mtumba usinunue, hata kama limetoka kwa mtu unayemheshimu. Fremu ya mtumba ni jambo jingine: mninga wa zamani unaouzwa na familia inayohama, ukipigwa msasa upya na kubadilishwa chaga, mara nyingi ni bora kuliko kipya cha bei hiyo. Kagua tu mianya yake kwa tochi kwanza.

Hatua ya 7: Neti na feni

Hakuna mpangaji Tanga atakayelala bila neti, na usipomwekea mahali pa kuifunga atapigilia misumari kwenye plasta yako. Mwambie fundi aweke fremu ya neti inayofungwa kwa bolti kwenye kona nne za kitanda, au ununue zile neti za reli za kuvuta. Kabla ya kuamua urefu wa nguzo, pima kutoka sakafuni hadi kwenye pangaboi. Nguzo ndefu chini ya feni ya dari ni hatari, na neti iliyo juu mno ikipepea inanaswa.

Hatua ya 8: Kunguni

Kunguni huja na begi la mgeni, hata nyumba iwe safi vipi, na wanaweza kukaa miezi bila kula wakisubiri mpangaji anayefuata. Unachoweza ni kuwanyima mahali pa kujificha. Ndiyo sababu vitanda vyenye kichwa cha sponji na kitambaa cha vifungo, vinavyopendwa siku hizi, havifai kupangisha: kila kifungo ni chumba. Nyufa za mbao zizibwe kabla ya vanishi, na vanishi ipakwe hadi chini na ndani ya matundu ya bolti.

Kati ya mpangaji na mpangaji, toa godoro, toa chaga, pita na tochi kwenye ncha za chaga na pembe za mfumbati. Unatafuta vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, magamba mepesi ya kahawia, na mayai meupe madogo. Ukiwakuta, joto linaua wote pamoja na mayai, kuanzia nyuzi 50 na zaidi: maji ya moto yanayochemka kwenye chaga na maungio ya fremu iliyofunguliwa nje, shuka na mifuniko ifuliwe kwa maji ya moto. Kuanika godoro juani husaidia kukausha, lakini joto halifiki katikati ya sponji, usilitegemee peke yake. Dawa ya kupuliza mara moja nayo huacha mayai. Rudia kwa maelekezo ya lebo. Mafuta ya taa na oili chafu usipake kabisa. Harufu haitoki, na kitanda kinakuwa cha kuwashia moto.

Hatua ya 9: Siku ya kukipokea

Kifungwe chumbani kwako na fundi mwenyewe, siyo na kijana wa kirikuu. Fundi akishakifunga, mwambie akifungue na akifunge tena ukiwa unaangalia. Kila kipande kiandikwe namba kwa penseli upande usioonekana, kichwa namba 1 na mfumbati wake namba 1, ili miaka mitatu baadaye mtu mwingine asikifunge kinyumenyume. Weka vipira chini ya miguu kwa ajili ya maji ya deki. Salio mpe siku hiyo, baada ya kukaa tena kwenye zile kona.

Kwenye mkataba wa mpangaji ambatanisha orodha ya vifaa vya chumba, kitanda kikiwa na maelezo yake: kipimo, mbao, idadi ya chaga, godoro la inchi ngapi, mifuniko mingapi, pamoja na picha za juu na za chini zenye tarehe. Andika pia kwamba godoro ligeuzwe kichwa kwenda miguuni kila baada ya miezi mitatu. Wachache watafanya, ila wewe utakuwa na haki ya kuuliza. Bolti huwa zinalegea kidogo miezi ya mwanzo mbao ikitulia, kwa hiyo mwezi wa pili pita na spana, omba ruhusa, uzikaze. Chaga mbili za akiba, bolti nne na nati zake zifunge kwenye mfuko, uziweke juu ya kabati la chumba hichohicho, na umwambie mpangaji ziko wapi.